Kaboni au Alumini: Kuunda Baiskeli Nyepesi ya Matairi Mapana kwa Fedha za Kuhesabu, Mombasa

Mtu anapotaka kuunda baiskeli ya matairi mapana iliyo nyepesi, tena kwa fedha za kuhesabu, jambo la kwanza linalomjia akilini ni fremu ya kaboni. Hilo linaeleweka, kwa kuwa fremu ndiyo inayobeba rangi na jina, na ndiyo itakayotazamwa na wenzake siku ya Jumapili pale ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao wenyeji tunauita Pirates. Mimi nimeunda mbili, moja ya alumini na nyingine ya kaboni, na zote zimekula mchanga wa Nyali na Bamburi. Ninalolinganisha hapa ni njia hizo mbili pamoja na ya tatu iliyo katikati yake, ambayo nakiri mapema kwamba ndiyo ninayoipendelea kwa watu wengi wa hapa.

Baiskeli hizi hazikuzaliwa kwetu. Zilikua kutokana na shida za watu wa pande mbili za Marekani: waliotaka kupita juu ya theluji ya Alaska, na waliotaka kuvuka mchanga wa New Mexico, kila upande ukibuni rimu zake pana. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ilipotoa Pugsley, baiskeli ya chuma yenye matairi ya inchi 3.7, mtu wa kawaida akaweza kununua dukani kitu ambacho awali kilikuwa kazi ya mafundi wachache. Nataja historia hiyo kwa sababu moja tu. Fremu nyingi za kaboni zinazouzwa sasa zimechorwa zikiwaza theluji, na theluji laini hudai tairi la karibu inchi 5. Mchanga wetu haudai hivyo. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamepwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, ukanda wa mchanga mbichi huwa mgumu kiasi kwamba hata baiskeli ya Black Mamba ya muuza maziwa hupita bila taabu. Panapotaka tairi pana ni kule juu kwenye mchanga mkavu, na vilevile siku za maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali na ukanda mgumu hubaki mwembamba. Kwa hali hizo zote mbili, tairi la inchi 4 hutosha.

Sababu ya kutosha kwake iko katika upepo unaojazwa ndani ya tairi, na hesabu yake ni nyepesi. Shinikizo lililomo ndani ya tairi ni takriban sawa na shinikizo ambalo tairi hilo linaiwekea ardhi. Tuseme mwendeshaji na baiskeli yake wana kilo 95. Matairi yakijazwa pauni 30 kwa inchi ya mraba, uzito huo wote hukaa juu ya eneo la sentimita za mraba 45 hivi kwa magurudumu yote mawili, na mchanga mkavu hauwezi kulihimili. Yakipunguzwa hadi pauni 8, eneo hilo hupanuka na kufika sentimita za mraba 170, na baiskeli ileile huelea. Kinachokuvusha mchangani, basi, ni upana wa tairi na uchache wa upepo. Wepesi wa fremu hauna mkono mkubwa hapo, na huu ndio ukweli ambao wauzaji wa kaboni hawana haraka ya kuusema.

Tuutazame huo wepesi wenyewe. Baiskeli ya matairi mapana ya bei ya chini huwa na kilo 16 au zaidi, na iliyoundwa kwa kaboni kwa uangalifu hufika kilo 12. Kwa mtu wa kilo 75, tofauti hiyo ya kilo 4 ni chini ya asilimia 5 ya mzigo wote unaosukumwa, na Mombasa haina milima ya kuufanya mzigo huo uhisiwe kila dakika. Mpando wa Daraja la Nyali ndio karibu mlima wetu mkubwa. Sisemi kwamba kilo 4 si kitu. Nasema kwamba hapa huhisiwa zaidi na mikono kuliko miguu: unapoinyanyua kuvuka mawe ya matumbawe, unapoisukuma kwenye mteremko wa feri ya Likoni maji yakiwa yamepwa, unapoipandisha ngazi za nyumba ya ghorofa kule Tudor. Anayeishi nyumba ya chini yenye baraza na anayeishi ghorofa ya nne wanaweza kutaka baiskeli tofauti kabisa, hata kama wataendesha ufuo mmoja.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni kununua baiskeli kamili ya alumini, ikiwezekana iliyokwishatumika, na kuipunguza uzito kidogo kidogo. Ya pili ni kuagiza fremu na uma (ule unaoshika gurudumu la mbele) wa kaboni kutoka Uchina, kisha kuijenga kuanzia hapo. Ya tatu ni kubaki na fremu ya alumini, lakini kuifunga uma wa kaboni na magurudumu mepesi.

Fremu ya kaboni ya aina hii huwa na uzito wa kilo 1.3 hadi 1.5, na ya alumini iliyo nzuri hukaribia kilo 2.1. Tofauti ni kama gramu 650, yaani chini ya chupa ya maji ya nusu lita na robo. Uma wa chuma au wa alumini unaokuja na baiskeli za bei nafuu una kilo 1.1 au zaidi, ilhali wa kaboni una gramu 600 hadi 750. Kwa hiyo uma peke yake hukupunguzia karibu nusu kilo au zaidi, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya fremu. Juu ya hayo, nyuzi za kaboni humeza mtetemo unaopanda kutoka kwenye barabara za ndani za Kisauni kabla haujafika viganjani, faida ambayo haimo kwenye mizani lakini imo kwenye viwiko. Nikiulizwa ni kipande gani cha kaboni cha kununuliwa kwanza, na pengine cha mwisho pia, hujibu kwamba ni uma.

Hata hivyo, uma nao hauwezi kushindana na magurudumu. Tairi la bei ya chini la inchi 26 kwa 4, lenye waya ukingoni, huwa na gramu 1,500 hadi 1,700. La kukunjika, lililofumwa kwa nyuzi laini, huwa na gramu 1,250 hivi. Tyubu yake nene ina gramu 400 hadi 500. Ukibadilisha matairi mawili na kuziondoa tyubu, ukaweka ndani ya matairi maji ya kuziba matundu, mililita 150 kila upande, umepunguza zaidi ya kilo moja, tena mahali ambapo uzito unazunguka na hivyo unadai nguvu maradufu kila unapoanza mwendo kutoka kusimama. Mchangani, mtu huanza upya kila baada ya hatua chache.

Kwa asiye na fedha ya maji ya kuziba, ipo hila ambayo haigharimu karibu chochote: kutumia tyubu ya kawaida ya inchi 26 kwa 2.1 au 2.4, ambayo kila fundi wa Mwembe Tayari anayo, badala ya ile maalumu. Ina gramu 200 hivi. Hutanuka ndani ya tairi na kujaa vizuri, kwa kuwa upepo wenyewe ni mchache. Ubaya wake ni kwamba ikishatanuka hubaki nyembamba na hupenyeka kwa urahisi, na kiraka huishika kwa shida. Nimeendesha nayo miezi kadhaa kwenye gurudumu la mbele bila kujuta. Gurudumu la nyuma lilinilaza njiani mara mbili. Maji ya kuziba nayo yana kasoro yake ya hapa, kwa sababu joto letu huyakausha upesi kuliko maandishi ya chupa yanavyoahidi, na ukisahau kuyaongeza utakuta ndani ya tairi utando mkavu kama ngozi ya maziwa.

Rimu ndizo zinazofuata. Za alumini zenye upana wa milimita 80 na matundu ya kupunguza uzito huwa na gramu 800 hadi 1,000 kila moja. Za kaboni zenye upana kama huo huwa na gramu 600 hivi. Tofauti ni nzuri lakini bei yake ni kali, na hapa ndipo mwenye bajeti ndogo anapopaswa kusimama. Rimu ya kaboni ikigonga ukingo wa jiwe la matumbawe wakati tairi lina pauni 6, inaweza kupasuka na isifae tena. Ya alumini itapinda, na fundi atainyoosha kwa koleo na subira. Ukiamua kununua za kaboni licha ya hayo, hakikisha nati za spoki ni za shaba, kwa sababu za alumini zitaliwa. Hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo ulinganisho ulioandikwa kwa ajili ya Alaska hauwezi kukueleza.

Chumvi. Watu husema kaboni haipati kutu, na ni kweli. Lakini kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, viwili hivyo hugeuka kuwa kama betri ndogo ambayo hula upande mmoja tu. Anayeliwa ni alumini. Baiskeli yangu ya kaboni niliifunga nguzo ya kiti ya alumini, kwa kuwa nilikuwa nayo tayari na nikaona ni kupoteza fedha kununua nyingine. Niliendesha kaskazi nzima bila kuigusa. Nilipotaka kuishusha ili kijana wa dada yangu aijaribu, haikusogea. Nilimpelekea fundi wangu wa Majengo, akatazama mahali nguzo inapoingia kwenye fremu, akapangusa kwa kidole ule unga mweupe uliokuwa umezunguka ukingo, akanionyesha.

"Kaka, huu ni ugonjwa wa boti huu," akasema. "Na hapa nyundo haina kazi, maana ukipiga unapasua."

Ilichukua siku tatu za mafuta ya kupenyeza, maji ya moto na kuizungusha taratibu, na ilipotoka ilikuwa na vishimo kama jino bovu. Tangu hapo nina nguzo ya kaboni, iliyopakwa ile krimu yenye chembechembe inayouzwa kwa ajili ya kaboni, na huichomoa kila mwezi bila kungoja sababu. Kwenye fremu ya alumini shida hiyo ni ndogo zaidi: grisi ya kawaida hutosha, na kinachokufa haraka ni bolti na cheni. Kwa hiyo katika mji huu kaboni humdai mwenye nayo nidhamu zaidi, ingawa sifa yake ni ya kitu kisichotaka huduma. Zote mbili huoshwa kwa maji baridi ya bomba kila zikitoka ufuoni, kwa ndoo na kitambaa. Mashine ya maji ya nguvu, ile ya kuoshea magari, husukuma mchanga ndani ya beringi.

Zikivunjika, mambo hugeuka. Wengi hudhani alumini ndiyo rahisi kutengeneza kwa kuwa mafundi wa kuchomelea wako kila mahali. Alumini ya fremu hutiwa nguvu kwa joto kiwandani, na ukiichomelea bila kuirudishia matibabu hayo, sehemu ya pembeni ya mshono hubaki dhaifu, na ndipo itakapokatika tena. Kaboni iliyopasuka bomba moja huweza kusuguliwa, kuzungushiwa kitambaa kipya cha kaboni na gundi ya epoksi, ikarudi kufanya kazi. Mafundi wa boti za faiba kwenye hori ya Mtwapa wana mikono ya kazi hiyo. Sharti umwambie fundi mapema kwamba unataka epoksi, kwa sababu gundi ya poliesta anayoitumia kwenye boti haishiki vyema juu ya kaboni ya zamani. Ufa ukiwa kwenye uma au kwenye usukani, usitengeneze. Tupa.

Katika kuagiza, makosa mengi hutokea kwenye vipimo vinavyofanana. Habu za nyuma za baiskeli hizi, yaani vitovu vya gurudumu, huwa na upana wa milimita 170, 177, 190 au 197. Zile za 170 na 177 ni ndugu, na za 190 na 197 ni ndugu: mwili wa habu huwa mmoja, kinachobadilika ni vifuniko vya mwisho na aina ya ekseli. Mimi nilinunua fremu ya 197, kisha nikaletewa habu yenye vifuniko vya 190 na muuzaji aliyeniandikia kwamba "ni ileile". Ilikuwa ileile kweli, kasoro milimita tatu na nusu kila upande. Nilingoja wiki sita kwa vifuniko viwili vidogo kuliko kidole gumba, huku fremu ikining'inia ukutani sebuleni na wageni wakiuliza kama ni pambo.

Fremu nyingi za kaboni zinazopatikana leo ni za 197, zenye nafasi ya matairi ya inchi 4.8. Fremu za alumini za 170 na 177 kwa kawaida hazipokei matairi ya upana huo, lakini kwa ufuo wetu, kama nilivyosema, hayahitajiki, na wembamba wa habu hufanya pedali zikaribiane kidogo, jambo ambalo magoti yatalishukuru katika safari ndefu ya kwenda Mtwapa na kurudi. Kwenye nyumba ya krenki, pale ekseli ya pedali inapozungukia, chagua yenye nyuzi za kuzungushia, wala si ya kushindiliwa, hata ikiwa nzito kwa gramu chache. Ile ya kushindiliwa ikishaingia mchanga hulia kama panya kila unapokanyaga.

Juu ya gia sina maneno mengi. Sproketi moja mbele yenye meno 28 au 30, na kumi nyuma kutoka meno 11 hadi 42, zinatosha, na vipuri vyake ni rahisi kuliko vya gia kumi na mbili, ambazo wepesi wake hauonekani kwenye mizani ila kwenye mfuko. Kiti chagua kinachokukaa.

Breki ndizo zinazostahili neno la ziada. Za waya ni nafuu na kila fundi anazijua, lakini chumvi huingia ndani ya ala ya waya na baada ya muda mkono unavuta bila jibu. Za mafuta zimefungwa kabisa. Tofauti iko kwenye mafuta yenyewe: Shimano hutumia mafuta ya madini, ambayo utayaagiza mbali, na breki nyingi za SRAM hutumia DOT, ambayo DOT 4 yake imejaa kwenye maduka ya vipuri vya magari. Kwa sababu hiyo tu nimeona watu wenye busara wakichagua za DOT, wakijua kwamba tone moja likianguka huondoa rangi ya fremu.

Gharama ya kuagiza nayo hupotosha ulinganisho wa bei. Fremu na uma wa kaboni kutoka kwa viwanda vya Uchina visivyo na jina kubwa huuzwa kwa dola 450 hadi 650 hivi, na mnunuzi husimamisha hesabu hapo. Lakini kampuni za kusafirisha haraka hutoza kwa ujazo wa sanduku: urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa, kisha hugawanywa kwa 5,000. Sanduku la sentimita 105 kwa 60 kwa 22 huhesabiwa kuwa karibu kilo 28, japo ndani yake mna kilo mbili tu. Kisha ushuru hukokotolewa juu ya bei, nauli na bima zikiwa pamoja, na VAT ya asilimia 16 hukaa juu ya jumla hiyo. Uma peke yake, matairi ya kukunjika au nguzo ya kiti huingia kwenye kifurushi chembamba, na hesabu hiyo huwa na huruma zaidi. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuipa nguvu njia ya tatu, na haina uhusiano wowote na ubora wa kaboni.

Kwa jumla ya uzito, njia ya kwanza, yaani baiskeli kamili iliyobadilishwa matairi na tyubu, hukufikisha kilo 14 na nusu. Ya tatu hukufikisha 13 au pungufu kidogo. Ya pili, yenye rimu za kaboni pia, hukufikisha chini kidogo ya 12. Hatua ya kwanza ndiyo rahisi kuliko zote, na ile kilo ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote.

Anayeanza, au asiye na hakika kama ataendesha ufuoni zaidi ya mara mbili kwa mwezi, achukue njia ya kwanza na anunue pampu yenye kipimo kinachosomeka vizuri chini ya pauni 15, kwani pampu nyingi za kawaida hubahatisha hapo chini. Anayeendesha kila wiki achukue ya tatu. Ya pili naiona ni ya mtu anayependa kazi ya kuunda yenyewe, aliye na spana ya kupimia nguvu ya kukaza na anayeheshimu ile namba ya Nm 5 iliyochapwa pembeni ya kibano, ambaye wiki sita za kungoja kifuniko cha habu hazitamharibia mwaka.

Ninamjua mmoja wa aina hiyo, jirani yangu wa ghorofa ya nne kule Tudor, katika jengo ambalo lifti yake imesimama tangu kabla mimi sijahamia. Nilimweleza haya yote, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaagiza kaboni. Saa kumi na moja alfajiri humsikia akishuka ngazi nayo begani, hatua zake nyepesi, na sijaona hoja ya kumpinga.